Dokta wa Freni wa Katoyi

Jina lake sitalitaja. Angefurahi sana kulikuta kwenye karatasi, na mimi sina sababu ya kumfurahisha. Nitamwita Dokta, kama alivyojiita mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya ubao: DOKTA WA FRENI. Ubao huo ulipigiliwa misumari mbele ya kibanda chake pale Katoyi, na kibanda chake kiliegemea changu, ukuta mmoja wa mbao kati yetu. Mimi niliuza piesi za pikipiki: kebo, cheni, taa, na garnitire, yaani zile ngozi mbili ngumu zinazofunguka ndani ya gurudumu ukikanyaga freni, zikalibana lisimame. Kwa hiyo nilimsikia kila siku kwa miaka mingi, nikitaka nisitake. Mtu akiniuliza kama nilimjua, nasema nilimjua kama unavyolijua jino lako bovu.

Alikotoka na waliomzaa hayanihusu. Katika mji wetu kila mtu ametoka mahali akikimbia kitu. Mimi mwenyewe nilishuka kutoka Butembo na mume dereva, barabara ikamchukua, nikabaki na watoto na katoni za piesi alizokuwa ameziacha chini ya kitanda. Kukimbia hakumfanyi mtu kuwa mwema, wala hakumfanyi kuwa mbaya. Nitasema tu vile alivyokuwa.

Alivaa koti jeupe la hospitali. Sijui alilipata wapi. Lilikuwa jeupe asubuhi, na jioni lilikuwa jeupe vilevile, katika mji ambao vumbi la mawe ya volkano linapaka weusi hadi sahani ndani ya kabati. Fundi ambaye koti lake halichafuki, mengine unaweza kuyamaliza mwenyewe.

Pikipiki ikifika, hakushika spana. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kitovu cha gurudumu, akafumba macho, akainua kidole ili parkingi nzima inyamaze. Na motari, wanaume wazima wanaobeba watu kwa pikipiki toka Birere hadi Sake wakigombana na kila mtu njiani, walinyamaza kama watoto wa komunyo. Halafu Dokta alifungua jicho moja.

"Iko na homa," alisema.

Au: "Iko na kifua."

Siku moja alimwambia mtu kwamba gurudumu lake lina huzuni. Yule mtu akaitika kwa kichwa.

Ugonjwa uwe wowote, dawa zake zilikuwa kukaza na kupaka. Pedali ikizama chini sana, alikaza ile skrubu ya nyuma. Sasa, pedali inaweza kuzama kwa sababu kebo imevutika, na hapo kukaza ni sawa. Lakini inaweza kuzama kwa sababu garnitire zimekwisha, zimebaki chuma kitupu, na hapo kukaza ni sawa na kumfunga mkanda mwenye njaa. Yeye hakufungua gurudumu kutazama. Alikaza mpaka gurudumu likawa linabanwa muda wote, linatoa harufu ya kuungua, na motari akirudi kulalamika kwamba injini inakunywa mafuta kupita kiasi, Dokta alimwambia: "Sasa shida yako ni ya moteri. Mimi ni dokta wa freni." Na yule motari akaomba msamaha.

Kuna freni za mbele zinazotumia mafuta ndani ya mrija. Ukishika mkono wa freni ukauona laini kama unakamua chikwange, ule mkate wa muhogo, ujue hewa imeingia, na hewa inatolewa: unafungua kile kiskrubu kidogo cha chini, mwenzako anakamua taratibu, unaongeza mafuta ya freni juu mpaka mapovu yaishe. Kazi ya uvumilivu tu. Dokta alimimina mafuta ya moteri na kufunga kifuniko. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira ya ndani. Kuna mwalimu wa shule ya msingi ambaye gurudumu lake la mbele lilishika lenyewe katikati ya mzunguko, bila yeye kugusa kitu, akaruka juu ya vishikio na daftari za wanafunzi zikaruka naye. Aliporudi amefungwa bandeji, Dokta alimpa pole, akamuuliza kama siku ile alikuwa amesali kabla ya kutoka.

Maana alikuwa mtu wa kanisa. Alipitisha kikapu cha sadaka Jumapili, mgongo umenyooka, na sauti yake ya kuimba ilikuwa nzuri kweli. Ninasema kweli kwa sababu sitaki mtu aseme namsingizia kila kitu. Alipoimba kule ng'ambo ya ukuta wa mbao, wateja wangu walisahau walichokuja kununua. Mungu hugawa vipaji bila kuangalia anayempa.

Maneno yake makubwa yalikuwa haya: "Kelele njo ugonjwa," yaani kelele ndiyo ugonjwa. Alimaanisha freni inayolia. Freni inalia kwa sababu vumbi letu limejaa ndani, au ngozi zimeng'aa kama kioo. Unafungua, unafuta kwa kitambaa kikavu, unazisugua kidogo kwa karatasi ya msasa, unafunga. Motari anakunywa chai huku unamaliza. Dokta yeye alikuwa na sindano ya hospitali, ile kubwa, bila ncha kali. Aliivuta ikajaa mafuta machafu ya moteri, akaichomeka kwenye upenyo wa kitovu, akasukuma.

"Sikiliza," alimwambia mteja, akizungusha gurudumu. "Bado inalia?"

"Imenyamaza, Dokta!"

"Imepona."

Imenyamaza, ndiyo. Maiti naye ananyamaza. Garnitire inashika kwa sababu ni kavu. Ukiipaka mafuta, inateleza kama samaki mkononi. Lakini mtu aliyechoka na kelele hataki kufundishwa. Nilijaribu mara nyingi, na kila mara Dokta alipaza sauti kupitia ukuta: "Mama Piesi anatafuta kuuzisha tu!" Na motari walicheka.

Yeye mwenyewe alikuwa na pikipiki. Alipotoka kwenda juu, upande wa Kanyaruchinya, aliipanda kwa fahari. Kurudi, kwenye mteremko, alishuka akaizima na kuisindikiza kwa miguu, ameikumbatia kama mzee anayemtoa mkewe kilioni. Nilikutana naye hivyo siku moja nikiwa natoka kununua viazi.

"Papa Dokta, pikipiki imekufa?"

"Hapana, mama. Natembeza mwili kidogo."

Jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanata. Akatembeza mwili mpaka tambarare, akapanda, akawasha, akanipita akipiga honi.

Kwa miaka mingi nilidhani ni mjinga tu. Mjinga unaweza kumvumilia. Ukuta wa mbao ni mwembamba lakini bado ni ukuta. Kisha ikaja ile siku ya askari.

Walikuja wawili na pikipiki yao, wakati mji ulikuwa umejaa bunduki za kila namna na hakuna aliyeuliza ni za nani. Mmoja akasema freni ya nyuma haishiki. Akavuta kiti cha Dokta, akakaa, bunduki juu ya mapaja.

"Fanya," alisema. "Tunangoja hapa hapa."

Nilisogea kwenye upenyo wa mbao kutazama. Sikuona sikio kwenye kitovu, wala kidole juu. Dokta alivua koti, akalikunja. Akafungua ekseli, akatoa gurudumu, akatoa kile kisahani chenye garnitire. Akapuliza vumbi upande ambao halitamrudia usoni. Akapitisha kidole ndani ya tamburi, ile ngoma ya gurudumu, kutafuta mikwaruzo. Akatazama unene wa ngozi, akatikisa kichwa, akaja kwangu.

"Mama, nipe mupya. Ile ya muzuri," alisema kwa sauti ndogo.

Alizifunga vizuri. Akaweka grisi kidogo pale tu inapotakiwa, kwenye kipini kinachozigeuza, akafuta iliyozidi. Akakagua kebo nyuzi kwa nyuzi, akaona moja imekatika karibu na mwisho, akabadilisha kebo yote. Akafunga, akakaza, akazungusha gurudumu: lilizunguka huru. Akaipanda mwenyewe, akaenda hadi kona, akafunga freni ghafla, akarudi, akarudia. Ilikuwa kazi nzuri. Marehemu mume wangu, aliyekuwa hapendi kazi ya mtu yeyote, angeisifu.

Kumbe alijua. Alijua yote. Alipohitaji kuogopa, alijua.

Askari walipoondoka, alivaa koti lake, akajipangusa jasho. Akaja motari mwingine, freni inalia. Nikasikia ukutani: "Nyamazeni kidogo... Iko na kifua." Halafu ile sindano. Tangu siku hiyo sikumwita tena mjinga. Nilitafuta neno jingine na hadi leo sijaridhika na nililolipata.

Sasa Paluku.

Paluku alikuwa motari wa parkingi yetu, kijana wa watu wa Beni, baba wa watoto wadogo, mtu wa kusalimia kila mtu kwa jina. Alikuwa ameoa msichana wa Kibumba. Vita ilipofika kule, mama mkwe wake alikimbia na wengine, akaishia Kanyaruchinya, ambako watu walikuwa wamelala kila mahali, madarasani, barazani, juu ya mawe makali ya volkano, na mvua juu yao. Paluku aliposikia, alikuja kwangu asubuhi.

"Mama, uko na garnitire? Freni inalia sana, na niko napanda kuchukua mamukwe."

"Iko, mwanangu. Lete nikuonyeshe."

Dokta alitokeza kichwa. "Paluku! Unakimbilia kununua nini? Leta nipime."

Alipima. Alifumba macho. "Iko nzima kabisa," alisema. "Ni kelele tu." Na sindano ikatoka.

Nilitoka nje, nikasimama kati yao. "Paluku, ile anaingiza ni mafuta. Freni inashika sababu iko kavu. Nunua mupya. Kama hauna kitu leo, utaleta siku ingine."

"Mama Piesi anatafuta kuuzisha," Dokta alisema, bila kunitazama usoni.

Paluku alitutazama sote wawili. Gurudumu lilikuwa limenyamaza. Alikuwa na haraka, na alikuwa na adabu, hakutaka kumwaibisha mzee mbele za watu. "Nitanunua nikirudi, mama," alisema. "Mamukwe amelala inje."

Kupanda hakuhitaji freni. Kurudi, barabara yote ilikuwa watu: wanawake na magodoro kichwani, mbuzi, wazee juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zinazosukumwa, watoto wakishika nguo za mama zao. Mama mkwe alikuwa nyuma ya Paluku, godoro lake limefungwa nyuma yake. Yeye ndiye aliyenisimulia. Kwenye mteremko alimsikia Paluku akikanyaga, akikanyaga tena. Pikipiki haikupunguza. Akapiga honi, lakini watu wangeenda wapi? Kushoto umati, kulia umati, mbele umati.

"Aliniambia tu: mama, nishike kwa nguvu," alisema yule bibi. "Halafu akageuza."

Aligeuza kwenye lundo la mawe kando ya barabara. Bibi alirushwa na godoro lake, likampokea, alipata mikwaruzo. Pikipiki ilimlalia Paluku mguu juu ya mawe. Hakugonga mtu hata mmoja. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Dokta alikwenda kumwona. Nami nilikuwapo, nimepeleka uji. Aliingia na koti lake jeupe, na mwanamke mmoja aliyekuwa anauguza mumewe kitanda cha jirani alimkimbilia: "Daktari, maji yake yamekwisha, tufanye nini?" Nilingoja aseme mimi si daktari. Alitazama ile chupa iliyoning'inia, akainua kidole.

"Muongeze ingine," alisema, akapita.

Kisha alisimama mbele ya Paluku, akashika mkono wake. "Ni vita, ndugu yangu," alisema. "Bila vita haungepanda kule."

Paluku alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Ilikuwa inanyamaza, Dokta," alisema. "Nilikanyaga na ilikuwa inanyamaza tu."

"Vita," alisema Dokta. Akaimba wimbo mmoja wa kanisa, vizuri sana, na wagonjwa wengine wakamshukuru.

Vita imetufanyia mengi. Imenichukulia ndugu, imechoma nyumba za watu ninaowajua, imewalaza watoto kwenye mawe. Ina dhambi za kutosha. Haikuwa vita iliyojaza ile sindano.

Motari hawakuimba. Walisikia kutoka kwa mama mkwe, wakaelewa walichokuwa wamekataa kuelewa kwangu, na kila mmoja akakumbuka ajali yake. Wakaja wote pamoja mchana, wengine na mawe, mmoja na chupa ya esansi, yaani petroli. Nilisikia mbao zikivunjika: Dokta alikuwa amepita ukutani kwangu, akajitupa chini ya meza yangu, katikati ya matairi.

"Mama, nakuomba," alisema. "Mama, kwa Yesu."

Nilivuta kiti nikakiweka mbele ya meza, nikakalia. Nikatandaza sketi ikafunika.

"Dokta iko wapi?" waliuliza.

"Muliona nikimuoa? Muulizeni bibi yake."

"Mama, tumesikia ameingia huku."

"Basi ingieni, mukanyage piesi zangu zote, halafu mutanunua wapi kesho?"

Walisimama. Wananiheshimu, wale vijana. Wengine niliwakopesha tairi walipokuwa hawana. Yule wa esansi alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani alijua. Mwishowe walivunja kibanda cha Dokta, wakachoma ubao wake katikati ya barabara, wakaenda.

Watu wameniuliza kwa nini. Si kwa huruma. Nimeona mtu akichomwa barabarani katika mji huu, na nimeona nyuso za waliomchoma siku iliyofuata, wakinunua mkate. Sikutaka kuwauzia kebo vijana wenye nyuso zile. Na yeye, pale chini, unajua alisema nini mara tu kelele zilipotulia?

"Mama, hapa chini kuna vumbi mingi. Haufagiake?"

Giza lilipoanza kuingia alitoka, akaenda, hakusema hata aksanti.

Baadaye vita iliingia mjini kabisa. Benki zilifungwa, watu wakahama mtaa kwa mtaa, na mimi nikahamia Keshero kwa binti yangu, nikaweka meza ndogo ya piesi. Paluku alijifunza kushona viatu. Anashona vizuri, nilivyovaa leo ni kazi yake. Kuhusu Dokta wengine walisema amevuka mpaka, wengine amekufa. Sikuuliza.

Halafu watu wa kanisa moja walinitumia mtu kuagiza katoni ya garnitire kwa ajili ya mafunzo. Nyuma ya kanisa lao, chini ya turubai, walikuwa wanawafundisha vijana waliotoka makambi ya wakimbizi kutengeneza pikipiki. Nilipeleka mwenyewe. Kabla sijafika niliijua sauti.

Alikuwa amekonda, ana miwani, ovaroli ya bluu. Vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamemzunguka, kila kikundi na gurudumu lake. Nilisimama nyuma na katoni yangu kichwani, nikasikiliza, nikingoja upumbavu.

Haukuja. Alifundisha sawasawa. Fungua kwanza, tazama, halafu ndiyo useme. Vumbi linafutwa kwa kitambaa kikavu. Freni ikilia, inakuambia kitu, usiinyamazishe. Mafuta hayakaribii garnitire hata tone. Hewa inatolewa hivi. Mafuta ya moteri usimimine kamwe. Kila neno lilikuwa sahihi, na vijana walikuwa wanainamia magurudumu kama watu wenye njaa mbele ya sahani.

"Kule Katoyi," alisema, "kulikuwa motari mumoja. Nilimuambia: nunua mupya, kama hauna kitu leo utaleta siku ingine. Akakataa. Leo hana muguu."

Katoni ilinielemea. Niliishusha chini kwa kishindo. Aligeuka, akaniona.

Nyuso za waoga zina namna yake ya kuzeeka ghafla. Aliwaambia vijana watazame magurudumu yao, akaja mbio, akanivuta kando.

"Mama Piesi, usiniharibie. Nakuomba. Niko na wajukuu, njo hii kazi tu nimebaki nayo."

"Yale maneno ni yangu," nilisema. "Nilimwambia mimi. Wewe ulikuwa umeshika sindano."

"Najua."

"Mguu ni wa Paluku. Uibe kila kitu, usiibe ule."

Alilia, au macho yalimtoka maji tu. Nilitazama vijana. Msichana mmoja alikuwa anapuliza vumbi upande wa mbali na uso wake, sawasawa. Ningesema neno moja, na wangemtupa mwalimu pamoja na somo lake lote, halafu wangebaki na nini?

"Rudi pale," nilimwambia. "Sema vile ilikuwa. Nangoja."

Alirudi. Alisimama katikati yao, akavua miwani, akaivaa. Nilikunja mikono.

"Nimesema vibaya," alianza. "Si mimi nilimuambia anunue. Ni mama mumoja wa piesi. Motari alitaka kusikiliza. Lakini kulikuwa fundi... kulikuwa fundi mumoja pale. Alijua kazi, lakini alikuwa muongo. Yeye njo aliweka mafuta."

Vijana waliguna. Mmoja alitukana kwa Kinyarwanda, wengine wakamwambia nyamaza.

"Na ule fundi," aliuliza yule msichana, "iko wapi sasa?"

Dokta alinitazama, mimi nikamtazama. Nilimpa nafasi yote iliyokuwepo chini ya lile turubai.

"Alikufa," alisema.

"Oh," alisema msichana, na uso wake ukalegea. Watoto wa makambini wamefundishwa adabu ya msiba kuliko adabu nyingine yoyote. "Alikuwa mutu wako, Mwalimu?"

"Tulikaa pamoja siku mingi."

"Pole sana, Mwalimu," alisema yule msichana. Na wengine wote, mmoja baada ya mwingine, mikono yao myeusi kwa vumbi, wakasema: pole, pole, pole sana.

Na yeye akainamisha kichwa, akapokea.

"Aksanti," alisema. "Aksanti, watoto wangu."